Ua la Ejjobyo na Ndugu Zake wa Porini

Askari yeyote aliyepata kuishi katika kambi za Kampala, iwe ya jeshi huko Mbuya au za polisi huko Naguru na Nsambya, anaijua mboga iitwayo ejjobyo. Hilo ndilo jina la Waganda. Ndugu zetu wa Ankole huiita eshogi, Waacholi na Walango huiita akeyo, na Waswahili wa pwani huiita mgagani, ama mkabilishemsi, yaani mmea unaolikabili jua. Majani yake ni machungu, harufu yake ni kali, na mpishi asiyejua kuupunguza uchungu huo kwa maziwa, kwa samli au kwa karanga zilizosagwa hulalamikiwa mezani. Kila asubuhi mafungu yake huuzwa Nakasero na Owino, na nyuma ya nyumba nyingi za askari pana tuta lake dogo.

Lakini leo hatukukusudia kuzungumza habari za chungu. Tumekusudia kuzungumza habari za ua. Mwenye tuta la ejjobyo huona jambo ambalo wengi hulipita bila kuuliza: shina hurefuka, maua huchanua moja baada ya jingine kutoka chini kwenda juu, na katika maua hayo yote baadhi hufanya maganda marefu yenye mbegu, na baadhi hukauka na kuanguka pasipo kuacha kitu. Mvua ni ile ile, udongo ni ule ule, na mkono uliopanda ni mmoja. Kwa nini basi ua hili lizae na jirani yake lisizae? Jibu la swali hilo lina faida kwa mtu anayetaka mbegu za msimu ujao, na tena lina faida kwa mtu apitaye porini akiwa kazini, maana ndugu za ejjobyo wamejaa huko, na si wote walio wema.

Yafaa kwanza tulitazame ua lenyewe kwa makini. Katika maua mengi tuyajuayo, stameni, yaani vile vijiti vibebavyo unga wa chavua, huota chini kabisa, karibu na petali. Stameni ndizo upande wa kiume wa ua. Katikati hukaa ovari, ambayo ndiyo upande wa kike, na ndani yake mbegu hufanyika ikiwa chavua itafika juu yake. Ua la ejjobyo halikupangwa hivyo. Petali zake nne, nyeupe au za rangi ya waridi, zimekaa upande wa chini. Kutoka katikati yake huinuka kijiti chembamba chenye urefu wa kama sentimita mbili, kilichosimama mfano wa mlingoti wa bendera. Stameni zake sita za rangi ya zambarau hazikuota chini. Zimepandishwa hadi juu ya mlingoti huo, na juu yake tena imekaa ovari ya kijani. Upande wa kiume na upande wa kike umebebwa juu ya kijiti kimoja.

Mtaalamu wa Sweden aitwaye Linnaeus, aliyeipa mimea mingi majina yatumikayo mpaka leo, aliuita mmea huu Cleome gynandra katika kitabu chake cha mwaka 1753. Neno hilo la pili limetoka katika Kiyunani, na limeunganisha neno la mwanamke na neno la mwanamume. Kwa maneno mengine, ua lenyewe ndilo lililoandikwa katika jina.

Kijiti hicho ndicho alama ya ukoo. Katika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya Mashariki, sehemu iliyotolewa mwaka 1964, ejjobyo imewekwa katika jamii moja na mimea ya kapari. Wataalamu wa siku hizi wameitenga kidogo na kuipa jamii yake, lakini udugu wao haukukatika. Zaidi ya hayo, kabichi na sukuma wiki ni binamu zao, na vile vile haradali, mlonge na hata mpapai. Anayeona ajabu na atafune mbegu moja ya papai bivu. Ukali atakaouonja ulimini ni jamaa ya ukali wa haradali, na ndio huo huo uliomo katika ejjobyo, kwa kuwa mimea hiyo yote hutengeneza dawa za namna moja za kujikinga na wadudu. Watafiti nchini Kenya walitangaza mwaka 1992 kwamba hata kupe huukimbia mmea huu. Jambo la kuwafurahisha ndugu zetu wafugaji.

Sasa tutoke katika tuta la mboga twende porini. Mmea wa kapari ulioenea zaidi katika mbuga za Uganda ni ule ambao wataalamu huuita Capparis tomentosa. Sisi tutauita mkapari wa pori. Askari waliopata kufanya doria katika vichaka vya mbuga wanaujua hata kama hawakujua jina lake, kwa sababu huwashika nguo. Miiba yake imekaa miwili miwili chini ya kila jani, nayo imepinda kuelekea nyuma kama ndoana. Mtu akiingia haisikii, akitaka kurudi ndipo inapomkamata. Matawi machanga na majani yake yamefunikwa malaika laini, na mmea wenyewe hupanda juu ya miti mingine mpaka ukafanya kichaka ambacho mbwa hapenyi.

Mahali pa kuuona vizuri ni katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Huko, katika rasi ya Mweya na kando ya mfereji wa Kazinga, mkapari wa pori una historia yake. Katika miaka ya 1950 viboko walikuwa wengi kupita kiasi. Kila usiku walitoka majini kula majani, wakayamaliza mpaka ardhi ikabaki tupu. Pasipo majani makavu hapana moto, na pasipo moto vichaka vya mkapari hukua pasipo kizuizi. Mwishoni mwa miaka hiyo wakuu wa mbuga waliamua kupunguza idadi ya viboko kwa kuwapiga risasi kwa mpango, na wataalamu wakapima kilichofuata: majani yakarudi. Baadaye, katika miaka ya 1970 na vita ya 1979, tembo na viboko waliuawa pasipo mpango wowote, tena kwa bunduki za kijeshi, na mbuga ikabadilika sura kwa mara nyingine. Kwa hiyo bunduki inaweza kubadili hata mimea itakayoota mahali, na aishikaye afadhali alijue hilo.

Ua la mkapari wa pori ni zuri kuliko tabia ya miiba yake. Lina petali nne nyeupe, lakini petali si kitu mbele ya stameni. Hizo ni nyingi, ndefu, nyeupe zenye wekundu kidogo, zimetawanyika pande zote kama nywele za brashi. Mlingoti nao upo, ila kuna tofauti na ule wa ejjobyo: huku stameni zimebaki chini, na ovari peke yake ndiyo iliyopandishwa, ikaning'inia nje kwenye uzi mwembamba wenye urefu wa sentimita kadhaa. Ovari hiyo ikichavushwa hugeuka tunda la mviringo, la rangi ya machungwa au waridi, linaloning'inia kwenye uzi ule ule ambao sasa umekuwa mnene na mgumu.

Hapa hatuna budi kusema jambo moja kwa uwazi. Tunda hilo hupendeza macho, na askari mwenye njaa anaweza kushawishika. Asilile. Majaribio yaliyofanywa Sudan mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalionyesha kuwa majani ya mmea huu huwadhuru vibaya mbuzi na kondoo, na wafugaji wa ngamia wanauogopa tangu zamani. Ni kweli kwamba waganga katika sehemu nyingi za Afrika hutumia mizizi yake kwa dawa, lakini kipimo cha dawa hiyo wanakijua wao wenyewe, si mtu aliyeusikia mmea ukitajwa akaenda kuuchimba. Kwamba ejjobyo huliwa si hoja ya kumla ndugu yake.

Ukoo huu una vituko vingine ambavyo tutavitaja kwa haraka. Aina ziitwazo Boscia hazina petali kabisa, kama askari aliyefika gwarideni bila sare. Aina za Cadaba zina mrija mdogo kando ya mlingoti ambao hutoa asali. Na huko pwani ya Kenya na Tanzania kuna Thilachium, ambayo ua lake likiwa changa limefunikwa kofia iliyofungwa sawasawa. Siku ya kuchanua kofia hiyo hukatika kwa duara na kuanguka nzima, na stameni zikatoka nje kwa mkupuo.

Turudi kwenye swali letu la ua lizaalo na lisilozaa. Jibu lake lilitafutwa kwanza mbali na hapa. Kuna ndugu wa ejjobyo mwenye asili ya Amerika ya Kusini, ambaye hupandwa kama pambo katika bustani nyingi duniani, na ambaye Waingereza humfananisha na buibui kwa sababu ya stameni zake ndefu. Mwaka 1923 mtaalamu wa Marekani aitwaye Stout aliandika kwamba katika shina moja la mmea huu maua hubadilishana zamu. Hutoka kundi la maua yenye ovari kamili na kufanya maganda. Kisha hutoka kundi ambalo ovari zake ni ndogo, zimedumaa, na kazi yake ni ya kiume tu. Kisha yale yenye kuzaa hurudi tena. Mtu akilitazama shina lililokomaa huona maganda, kisha nafasi tupu, kisha maganda. Mwaka 1927 mtaalamu mwingine wa Marekani, Murneek, alieleza sababu. Maganda yanayokua chini hula chakula kingi cha mmea, na maua ya juu hukosa cha kutosha kufanyia ovari. Akiyakata maganda yale machanga, maua ya juu yalirudia kuwa kamili.

Jambo hili halitakuwa geni kwa mtu aliyewahi kuwa bwana ghala wa kikosi. Posho ikiwa kamili, kila mtu hupewa fungu lake. Posho ikipungua, wale walio kazini hupewa kwanza, na wengine hungoja. Mmea nao hufanya hivyo. Ovari na mbegu ni gharama kubwa, kwa maana zinahitaji mafuta, protini na maji kwa siku nyingi. Chavua ni gharama ndogo. Mmea wenye upungufu haufungi duka, bali huendelea kutoa maua ya bei nafuu ambayo bado yanaweza kupeleka chavua kwa mimea mingine.

Ushahidi wa namna hiyo umepatikana kwa kapari yenyewe, ile aina ya nchi za Bahari ya Kati ambayo vitumba vyake hutiwa chumvi na siki na kuuzwa katika chupa. Aina hiyo huota pia magharibi ya China, katika nchi kavu sana, na huko watafiti wawili waliichunguza na kutangaza matokeo yao mwaka 2009. Mmea mmoja hutoa maua ya namna mbili: mengine yana jinsia zote mbili, na mengine ni dume tu. Kwa mtu aliye mbali hayana tofauti. Petali ni zile zile, na wadudu huyatembelea yote. Tofauti imo katikati: katika ua kamili mlingoti ni mrefu na kichwani mwake pana kifundo cha kijani, ilhali katika ua dume kifundo hicho hakikukua. Watafiti hao waliona kuwa maua dume husaidia mmea kuweka akiba, huku yakiendelea kuwaita wadudu na kutoa chavua.

Wapo wanaosikia maneno kama haya wakacheka, wakadhani ni mambo ya huko ng'ambo. Basi watazame mpapai, binamu tuliyemtaja, ambaye hakosekani penye makazi ya askari. Mpapai umelipeleka jambo hili mbele zaidi: jinsia haikugawanywa kwa maua ya mti mmoja, bali kwa miti. Kuna mpapai dume, wenye vishada virefu vinavyoning'inia, vimejaa maua madogo. Kuna mpapai jike, wenye maua makubwa yaliyoshikamana na shina. Na kuna mpapai wenye maua ya jinsia zote mbili, unaozaa pasipo kuhitaji mwingine. Mbegu iliyotokana na jike na dume hutoa madume na majike kwa kadiri ya nusu kwa nusu, wala hapana mtu awezaye kuitazama mbegu akajua itakuwa nini. Hulazimu kungoja ua la kwanza.

Wengi wakiona dume huchukua panga. Wengine hupigilia msumari katika shina, wakitumaini kuwa mti utageuka jike kwa hofu. Hatuwacheki sana, kwa sababu ni kweli kwamba mpapai dume mara moja moja hutoa matunda machache, hasa hali ya hewa ikibadilika, na mwenye msumari hudhani ni kazi ya msumari wake. Lakini kukata madume yote ya mtaa ni kosa jingine. Jike lisilopata chavua huangusha maua yake, au hutoa matunda madogo yasiyo na mbegu. Dume mmoja hutosha kwa majike kumi na zaidi. Uchunguzi uliofanywa Kenya, katika bonde la Kerio, ulionyesha kuwa wachavushaji wakubwa wa mpapai ni nondo wanene warukao kwa kasi wakati wa magharibi, na kwamba nondo hao hutegemea pori lililo karibu. Shamba lililo mbali na pori hupata wageni wachache.

Hapo ndipo mboga ya nyuma ya nyumba na kichaka cha miiba hukutana. Kapari ile ya vitumba hufungua maua yake jioni, yakakaa usiku kucha, na asubuhi inayofuata hunyauka. Wadudu wa usiku ndio wateja wake. Mchana nao una wenyewe: vipepeo weupe ambao miaka mingine hupita Afrika ya Mashariki makundi kwa makundi, kama karatasi zilizorushwa na upepo, huwamo wa aina ambazo viwavi wao hulelewa juu ya majani ya jamii hii ya kapari. Ukali wa majani uwafukuzao wadudu wengine, wao wameuzoea. Kichaka kikifyekwa chote, vipepeo na nondo hawana pa kulelea watoto wao.

Sasa kwa yule mwenye tuta la ejjobyo. Ua la ejjobyo huweza kujichavusha lenyewe, na pia huweza kupokea chavua kutoka kwa mmea mwingine. Kwa sababu hiyo mbegu hazikosekani, lakini anayechukua mbegu zake kwa shina moja tu mwaka baada ya mwaka huifanya mboga yake kuwa ya uzao mmoja, na ugonjwa ukija utaipata yote. Achague mashina kadhaa yenye majani mapana, ayatenge kwa mti au kamba tangu mapema, wala asiyachume. Katika mashina mengine afanye kinyume: maua yakianza tu, ayakate. Mmea ulionyimwa maua huendelea kutoa majani kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu posho yote hurudi kwenye majani. Mtu hawezi kupata majani mengi na mbegu nyingi kutoka shina lile lile.

Maganda yavunwe yanapogeuka manjano, kabla hayajapasuka, maana yakikauka juu ya shina hufunguka na mbegu humwagika chini. Yaanikwe juu ya kitambaa. Mbegu zake ni ndogo, nyeusi, zenye mikwaruzo, na zikiwa mbichi huwa na usingizi. Aliyezipanda mara moja akaona haziwi asikasirike. Zikihifadhiwa mahali pakavu kwa miezi michache huamka zenyewe na kuota vizuri.

Kwa askari aliye na mapumziko na macho mazima, liko jaribio lisilogharimu zaidi ya kipande cha uzi. Atafute shina la ejjobyo lenye maua mengi, au, akiwa kazini magharibi ya nchi, kichaka cha mkapari wa pori kilicho mahali salama wakati wa jioni. Alitazame kila ua kichwani mwa mlingoti. Penye kifundo cha kijani kilichonona afunge uzi mweusi. Penye kifundo kilichosinyaa afunge uzi mweupe. Aandike siku na idadi katika daftari, kisha arudi baada ya juma moja ahesabu: nyuzi nyeusi zilizoshika ganda ni ngapi, na nyeupe ni ngapi.